UZI: Taifa Stars ilivuka kundi AFCON 2025 kwa bao lililofungwa katika mchezo tuliopoteza

Wadau wa soka, tangu Taifa Stars, timu yetu ya taifa ya Tanzania, ilipovuka hatua ya makundi ya AFCON (Kombe la Mataifa ya Afrika) kule Morocco, sifa nyingi zimemwendea Feisal Salum, na ni haki yake, kwa sababu bao lake dhidi ya Tunisia tarehe 30 Desemba 2025 ndilo lililotupa sare ya 1-1 na tiketi ya kuingia 16 bora kwa mara ya kwanza katika historia yetu. Hata hivyo kuna bao jingine ambalo naona halijapewa heshima yake, nalo ni la Charles M'Mombwa dhidi ya Nigeria tarehe 23 Desemba mjini Fez, katika mchezo ulioisha kwa sisi kufungwa 2-1. Ninaandika uzi huu kwa sababu naamini kwa dhati kwamba bila bao hilo tungerudi nyumbani, na kwamba mtu anayetazama hatua ya makundi kwa kuuliza tu nani kashinda na nani kafungwa anakosa sehemu kubwa ya mashindano.

Nianze na hesabu yenyewe, kwa maana hoja yote imesimama juu yake. AFCON ya sasa ina timu 24 zilizogawanywa katika makundi sita. Timu mbili za juu katika kila kundi zinapita moja kwa moja, na kati ya timu sita zilizoshika nafasi ya tatu, nne bora zinaungana nazo. Sisi tulikuwa kundi C pamoja na Nigeria, Tunisia na Uganda. Tulifungwa 2-1 na Nigeria, tukatoka sare ya 1-1 na Uganda, kisha tukatoka sare ya 1-1 na Tunisia. Jumla ikawa pointi mbili, mabao matatu ya kufunga na manne ya kufungwa, yaani tofauti ya bao moja pungufu. Nigeria ikamaliza na pointi tisa, Tunisia nne, na Uganda moja.

Sasa angalieni Angola, iliyokuwa ya tatu katika kundi B. Ilifungwa 2-1 na Afrika Kusini, ikatoka sare ya 1-1 na Zimbabwe, ikamaliza kwa suluhu ya 0-0 na Misri. Pointi mbili, mabao mawili ya kufunga na matatu ya kufungwa, tofauti ya bao moja pungufu. Kwa pointi tulikuwa sawa, na kwa tofauti ya mabao tulikuwa sawa. Kilichotutenganisha ni mabao ya kufunga, matatu kwa mawili. Komoro, ya tatu katika kundi A, nayo ilikuwa na pointi mbili, lakini haikufunga bao hata moja katika michezo yake mitatu na tofauti yake ilikuwa mabao mawili pungufu. Kwa kuwa tayari tulikuwa juu ya timu mbili kati ya sita, filimbi ya mwisho ya mchezo wetu na Tunisia ilipopigwa Rabat tulikuwa tumeshapita, hata kabla ya makundi E na F kucheza michezo yao ya mwisho siku iliyofuata.

Ondoeni bao la M'Mombwa katika hesabu hiyo. Mchezo wa Nigeria unakuwa 2-0, tofauti yetu inakuwa mabao mawili pungufu, na Angola inapita badala yetu. Bao lile lilifungwa dakika ya 50 na kusawazisha lile la Semi Ajayi la kipindi cha kwanza, na dakika mbili tu baadaye Ademola Lookman akaifungia Nigeria la pili. Nafahamu kwa nini wengi walilisahau, kwa sababu furaha yake haikudumu hata dakika tatu. Usiku ule watu walitoka wakizungumzia jinsi tulivyoruhusu bao la pili tukiwa bado tunashangilia, na kesho yake asubuhi bao letu likatajwa kama la kufutia machozi. Hakuna aliyesema kwamba tumeweka akiba, ilhali akiba ndiyo tuliyokuwa tumeweka.

Kuna jambo jingine ambalo lilinichukua muda kulikubali, nikarudia kulihesabu mara kadhaa hadi nikaridhika. Tunisia ilitangulia kwa penalti ya Ismaël Gharbi mwishoni mwa kipindi cha kwanza, na wengi wetu tuliona ndoto imekwisha. Feisal akasawazisha mapema katika kipindi cha pili. Je, kama mchezo ule ungeisha 0-0, bila penalti na bila bao la Feisal, hali ingekuwaje? Tungebaki na pointi mbili zilezile na tofauti ileile ya bao moja pungufu, lakini mabao ya kufunga yangekuwa mawili, sawasawa kabisa na Angola kwa kila kitu. Ingebidi kitafutwe kigezo kingine nje ya mabao ili kuamua nani apite. Kwa hiyo kufungwa bao na kurudisha kulitufaa kuliko kutofungwa kabisa. Ni nadra sana katika soka kwa sare ya 1-1 kuwa bora waziwazi kuliko sare ya 0-0, na sisi tuliishi ndani ya nadra hiyo bila wengi wetu kutambua.

Naendelea.

Linganisheni na yaliyotupata kule Ivory Coast mwanzoni mwa mwaka 2024, katika AFCON 2023. Pale pia tulipata pointi mbili, lakini tukamaliza mkiani mwa kundi F. Tulifungwa 3-0 na Morocco mjini San-Pédro, tukatoka sare ya 1-1 na Zambia, kisha 0-0 na DR Congo mjini Korhogo. Pointi ni zilezile mbili, ila tofauti ya mabao ilikuwa matatu pungufu na bao la kufunga lilikuwa moja tu, la Simon Msuva. Zambia nayo ilipata pointi mbili ikawa juu yetu kwa sababu tofauti yake ilikuwa bao moja pungufu.

Mkitaka kuona mahali kundi lile lilipotuponyoka, msitazame tu mchezo wa Congo ambao kila mtu anaukumbuka kwa sababu ulikuwa wa mwisho. Tazameni mchezo wa Morocco kuanzia dakika ya 70. Hadi hapo tulikuwa nyuma kwa bao moja tu la Romain Saïss. Novatus Miroshi akatolewa kwa kadi nyekundu, Azzedine Ounahi akafunga dakika ya 77, na Youssef En-Nesyri dakika ya 80. Mtazamaji wa kawaida husema kwamba 1-0 na 3-0 dhidi ya Morocco, iliyokuwa imetoka kucheza nusu fainali ya Kombe la Dunia 2022, ni kitu kilekile, yaani kufungwa. Katika makundi si kitu kilekile hata kidogo. Halafu tazameni mchezo wa Zambia. Msuva alifunga dakika ya 11, Zambia ikabaki na wachezaji kumi kabla ya mapumziko baada ya Roderick Kabwe kutolewa, nasi tukacheza kipindi kizima cha pili tukiwa wengi kuliko wao, hadi Patson Daka aliposawazisha kwa kichwa dakika ya 88. Katika kundi lile pointi zilikuwa chache kiasi kwamba DR Congo ilitoa sare michezo yote mitatu, ikashika nafasi ya pili kwa pointi tatu, na ikafika nusu fainali. Pointi mbili zilizopotea dakika ya 88 dhidi ya Zambia zilikuwa na thamani kubwa kuliko tulivyozihesabu jioni ile.

Majirani zetu wa Kenya wana kumbukumbu inayofanana na hii. Katika AFCON 2019 kule Misri, timu yao ya taifa, Harambee Stars, ilitufunga 3-2 baada ya sisi kutangulia mara mbili, kwanza kwa Msuva na kisha kwa Mbwana Samatta. Ikafikisha pointi tatu. Ilikuwa imefungwa 2-0 na Algeria katika mchezo wa kwanza, na katika mchezo wa mwisho dhidi ya Senegal ilishikilia 0-0 kwa zaidi ya saa nzima, kabla ya kufungwa mabao matatu kuanzia dakika ya 63. Afrika Kusini, nayo ikiwa na pointi tatu lakini tofauti ya bao moja pungufu, ikapita, kisha ikawatoa wenyeji Misri katika 16 bora. DR Congo ilikuwa imefungwa 2-0 mara mbili mfululizo, ikaifunga Zimbabwe 4-0 katika mchezo wa mwisho, tofauti ikarudi sifuri, ikapita. Kenya ikarudi nyumbani na pointi tatu, pointi moja zaidi ya tulizovukia sisi miaka sita baadaye.

Kwa sababu hizi zote mimi sitazami michezo ya makundi kama michezo mitatu. Naitazama kama mchezo mmoja wa dakika 270 wenye mapumziko marefu katikati. Nina daftari la mistari ambamo huchora ukurasa mmoja kwa kila kundi, safu nne za timu, na pembeni huacha nafasi ya dakika za mabao na kadi. Huandika kwa penseli kwa sababu msimamo wa siku ya mwisho hubadilika hata mara tano katika mchezo mmoja. Ukurasa wa kundi C wa Desemba umechakaa kwa kufutwa. Pale kwenye mstari wa Tanzania, karibu na bao la M'Mombwa, nilikuwa nimeandika "dk 50" na kuchora duara dogo usiku uleule wa mchezo wa Nigeria, kwa kuwa ndiyo desturi yangu kwa kila bao la timu iliyofungwa.

Siku ya Tunisia nilikuwa katika banda la mpira la mtaani kwetu. Mwenye banda alikuwa ameweka mchezo wetu kwenye televisheni kubwa, na ule wa Uganda na Nigeria kwenye ndogo iliyo juu ya kabati, bila sauti. Watu wengi walikaa wakiipa mgongo ile ndogo. Nawaelewa, maana hakuna anayetaka kuyaondoa macho kwa vijana wetu wakati kama ule, lakini ile televisheni ndogo ilikuwa na jambo letu kubwa. Kama Uganda ingeifunga Nigeria, ingefikisha pointi nne na sisi tungeshuka hadi nafasi ya nne katika kundi, na wa nne hana mahali pa kwenda hata awe na mabao mangapi. Uganda ingetoka sare, ingefungana nasi kwa pointi mbili, na kwa kuwa tulikuwa tumetoka sare wao kwa sisi, ingeangaliwa tofauti ya mabao ya kundi zima, ambayo yetu ilikuwa bora kwa bao moja. Kwa hiyo bao la Paul Onuachu katika kipindi cha kwanza lilinipa pumzi ambayo sare yetu peke yake isingenipa, na kipa wa Uganda alipotolewa kwa kadi nyekundu katika kipindi cha pili nilijua sasa kazi imebaki Rabat. Raphael Onyedika akaongeza mawili, Rogers Mato akairudishia Uganda moja, na mchezo ukaisha 3-1.

Nasikitika kwa ndugu zetu wa Uganda, na ninasema hivyo bila unafiki. Katika mchezo wetu nao, tukiwa 1-1 baada ya Msuva kufunga kwa penalti na Uche Ikpeazu kusawazisha, Allan Okello alipata penalti katika dakika za nyongeza na mpira ukapaa juu ya lango. Kama ungeingia, tungekwenda kwenye mchezo wa Tunisia na sifuri, na sidhani kama tungekuwa tunazungumza haya leo.

Naendelea, na sehemu hii ni kwa wale waliouliza kwa nini michezo miwili ya mwisho ya kundi huchezwa kwa wakati mmoja, jambo linalowanyima watazamaji nafasi ya kuona yote mawili kwa utulivu.

Sababu yake ina asili ya Kiafrika, na kila Mwafrika anayependa soka anapaswa kuijua. Kombe la Dunia 1982 nchini Hispania, Algeria iliifunga Ujerumani Magharibi 2-1 mjini Gijón tarehe 16 Juni. Ikafungwa 2-0 na Austria, kisha ikaifunga Chile 3-2 tarehe 24 Juni na kufikisha ushindi wa pili. Ujerumani Magharibi na Austria zilicheza siku iliyofuata, zikiwa zinajua matokeo yote ya Algeria. Ushindi wa Ujerumani Magharibi wa bao moja au mawili ungezipitisha timu zote mbili za Ulaya na kuitoa Algeria. Horst Hrubesch akafunga dakika ya 10, na baada ya hapo mpira ukapigwa pasi za pembeni na za nyuma hadi mwisho, huku mashabiki wakizomea. Mchezo ukaisha 1-0, Algeria ikatoka. Kuanzia Kombe la Dunia 1986 michezo ya mwisho ya kila kundi ikawa inaanza kwa wakati mmoja. Kwa hiyo tunapolalamika kwamba hatuwezi kutazama televisheni mbili, tukumbuke kwamba haki hiyo ililipiwa na wachezaji wa Algeria waliocheza soka safi na wakanyimwa walichostahili.

Mwaka huohuo, katika mashindano hayohayo, Kamerun ilitoka bila kufungwa hata mchezo mmoja. Ilitoka 0-0 na Peru, 0-0 na Poland, na 1-1 na Italia. Italia nayo ilitoa sare zote tatu, zenye tofauti ya mabao ileile ya sifuri, ila ilikuwa imefunga mabao mawili na Kamerun moja. Italia ikapita, na baadaye ikatwaa Kombe la Dunia. Ndiyo maana nikasema bao la M'Mombwa lina heshima yake: kilichoitoa Kamerun mwaka 1982 ndicho kilichotupitisha sisi mwaka 2025.

Tatizo ambalo halijatatuliwa ni hili la nafasi ya tatu. Michezo ya kundi moja inaanza kwa wakati mmoja, lakini makundi tofauti yanamaliza siku tofauti, na timu za nafasi ya tatu zinalinganishwa kutoka kundi moja hadi jingine. Angola ilimaliza tarehe 29 Desemba ikakaa kusubiri. Sisi tuliingia uwanjani tarehe 30 tukijua hasa kinachotakiwa. Hatukuvunja kanuni yoyote, na ninafurahi kwamba tulipita, lakini haki inataka tukiri kwamba ratiba ilitufaa na ikaiumiza Angola. Hili linanihangaisha zaidi ninapofikiria Kombe la Dunia 2026 lenye timu 48 katika makundi 12, ambapo timu nane za nafasi ya tatu zinapita. Idadi ya timu zinazomaliza mapema na kubaki zikisubiri matokeo ya wengine ni kubwa kuliko wakati wowote uliopita.

Ivory Coast inajua kusubiri huko kulivyo. Katika AFCON 2023 iliyoiandaa yenyewe, ilifungwa 4-0 na Guinea ya Ikweta tarehe 22 Januari 2024 mbele ya watu wake, ikabaki na pointi tatu na tofauti ya mabao matatu pungufu, na kocha wake Jean-Louis Gasset akaondoka. Siku mbili baadaye uhai wake ulikuwa mikononi mwa kundi letu. Zambia ingepata hata sare dhidi ya Morocco, Ivory Coast ingetolewa. Hakim Ziyech akaifungia Morocco bao pekee la mchezo, wenyeji wakapita kama timu ya mwisho kati ya zile nne, wakamkabidhi timu Emerse Faé, na tarehe 11 Februari wakaifunga Nigeria 2-1 katika fainali. Usiku ule wa Ziyech sisi tulikuwa tunatazama Stars na Congo kule Korhogo, na wengi hatukujua kwamba bingwa wa Afrika anapatikana katika mchezo mwingine wa kundi letu.

Sasa niwajibu waliochangia.

Ndugu uliyeandika kwamba kuvuka kwa pointi mbili bila kushinda mchezo hata mmoja ni aibu na si mafanikio, nakuheshimu lakini sikubaliani nawe. Kweli, hatujashinda mchezo wowote katika fainali za AFCON tangu tulipoanza kushiriki mwaka 1980 kule Nigeria, na hilo ni deni linalotakiwa kulipwa. Lakini mwaka 1980 mashindano yalikuwa na timu nane tu, na mwaka 2019 tulipoteza michezo yote mitatu. Kanuni zinawekwa kabla mpira haujapigwa, na kila timu inacheza ndani ya kanuni zilezile. Ureno ilitoa sare zote tatu za makundi katika Euro 2016, ikapita kwa nafasi ya tatu na ikachukua ubingwa, na hakuna Mreno anayeirudisha medali. Ukitaka kukosoa, kosoa kitu kinachostahili, kwa mfano kwamba katika michezo yote mitatu hatukumaliza hata mmoja bila kuruhusu bao.

Mkuu uliyeuliza kuhusu kigezo cha matokeo ya timu zenyewe kwa zenyewe, swali lako ni zuri kwa sababu wengi wanachanganya mambo mawili. Ndani ya kundi, AFCON inaanza kwa kuangalia timu zilizolingana pointi zilifanya nini zilipokutana, na tofauti ya mabao ya kundi zima inakuja baadaye. Timu za nafasi ya tatu kutoka makundi tofauti hazijakutana, kwa hiyo huko kinachoanza baada ya pointi ni tofauti ya mabao, kisha mabao ya kufunga. Athari ya kanuni ya kwanza uliiona kwa Nigeria. Baada ya kutufunga sisi na kuifunga Tunisia 3-2, ilikuwa na pointi sita, na hata Tunisia ingefika sita isingeweza kuwa juu yake. Nigeria ikaingia mchezo wa Uganda ikiwa imeshajihakikishia uongozi wa kundi, na kocha akawa huru kuwapumzisha wachezaji wake. Kwa mtazamaji wa Kitanzania aliyekuwa anaiombea Nigeria jioni ile, hiyo ilikuwa habari ya kutia wasiwasi, na nawashukuru wale waliocheza kwa kujituma kana kwamba kuna kitu wanakitafuta.

Kuna mdau aliyesema kwamba kadi za njano hazina maana katika makundi ila kwa anayefungiwa. Huyo namkumbusha Senegal ya Kombe la Dunia 2018. Ilimaliza sawa na Japani kwa pointi nne, sawa kwa tofauti ya mabao, sawa kwa mabao ya kufunga, na mchezo wao wenyewe ulikuwa 2-2. Ikaangaliwa nidhamu, Japani ilikuwa na kadi nne za njano na Senegal sita. Senegal ikatoka. Katika dakika za mwisho Japani, ikiwa inafungwa 1-0 na Poland, ilipiga pasi za kupoteza muda kwa kuwa ilijua Senegal nayo inafungwa 1-0 na Kolombia. Tangu mwaka ule naandika kadi zote katika daftari, hata ya mchezaji aliyechelewesha kurusha mpira.

Ndugu uliyeuliza kama mchezo wa 16 bora ulitudhalilisha, jibu langu ni hapana. Tulikutana na wenyeji Morocco mjini Rabat tarehe 4 Januari 2026, tukafungwa 1-0 kwa bao la Brahim Díaz la dakika ya 64. Ni Morocco ileile iliyotufunga 3-0 miaka miwili kabla. Mtoano, hata hivyo, ni mchezo wa aina nyingine, na hapo nakubaliana na wanaosema kwamba kufungwa moja au matatu ni kutoka tu.

La mwisho ni kwa wanaoulizia AFCON 2027, itakayoandaliwa kwa pamoja na Kenya, Tanzania na Uganda. Najua kila mtu anawaza tiketi za michezo ya timu yake, nami nitazitafuta kama wengine. Lakini nawashauri wenye uwezo watafute pia tiketi ya siku ya mwisho ya kundi ambalo timu yetu haimo, hasa kundi linalomaliza siku moja kabla ya letu, kwa sababu huko ndiko itakakojulikana timu ya nafasi ya tatu tunayotakiwa kuipita na kwa mabao mangapi. Waliokuwa wametazama Angola na Misri wakitoka 0-0 tarehe 29 Desemba walilala wakiwa wanajua kwamba sare yenye mabao dhidi ya Tunisia inatosha, ilimradi Uganda isishinde. Kama kuna mdau mwenye kumbukumbu za dakika za mabao ya michezo yetu mitatu ya mwaka 1980, dhidi ya Nigeria, Misri na Ivory Coast, naomba aziweke hapa, kwani ukurasa huo katika daftari langu bado una nafasi.